Kindi Awapiga Picha Walinzi wa Gogo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kupigana picha kama sisi, Kindi alikuwa na kamera. Hakuwa mpiga picha wa kazi. Alipiga kwa kujifurahisha tu. Akiona umande kwenye jani, kcha! Akiona Kobe anapiga miayo, kcha!

Mama yake aliishi ng'ambo ya korongo lenye kina kirefu, na njia ya kwenda huko ilikuwa moja tu: gogo lililolala kutoka ukingo hadi ukingo. Kindi alilivuka kila alipotaka, tiki-tiki-tiki, akala kwa mama, akarudi.

Siku moja Nyati na Kifaru wakaja wakaketi mbele ya gogo.

"Sisi tukikanyaga hapa litavunjika," Nyati akasema. "Basi kama sisi hatuvuki, hakuna atakayevuka!"

"Hakuna!" Kifaru akaitikia, puuu! vumbi likamtoka puani.

Kindi alijaribu kupenya. Nyati akamkanyaga mkia, nusura ukatike. Akarudi nyumbani analia.

Tangu hapo, kila alasiri alipanda juu ya mvule na kamera yake, akaifungia lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Alikaza jicho, akaizungusha taratibu, mpaka mama akatokea, mdogo kama punje, anaanika karanga mlangoni. Kcha! Picha akazibandika ukutani. Lakini picha haimwiti mtu "mwanangu." Ukuta ulivyozidi kujaa, ndivyo hamu ilivyozidi kumkaba.

Alasiri moja alimwona mama anatenga uji, mabakuli mawili. Akanywa la kwanza. La pili akalitazama, akalitazama, kisha akaumwaga ule uji.

Kindi akaishusha kamera. "Basi," akasema. "Sitamtazama tena mama kwa kioo."

Asubuhi akaenda kwenye gogo, kamera shingoni, stendi ya miguu mitatu begani, kitambaa cheusi kwapani.

"Shikamooni, wakubwa!"

"Marahaba. Wewe tena?" Nyati akanguruma. "Mkia umepona?"

"Umepona, mjomba. Leo sikuja kuvuka. Nimekuja kuwapiga picha. Wenzetu wanasikia sifa zenu tu, sura zenu hawazijui."

Kifaru akainua kichwa. "Pembe yangu itaonekana?"

"Itajaa picha nzima!"

"Na mimi je?" Nyati akadakia. "Mimi ninazo mbili!"

"Zote, mjomba, zote!"

Kindi akasimamisha stendi, akaiweka kamera juu yake. "Lipeni gogo mgongo, muitazame kamera. Hii haibofywi. Inajipiga yenyewe ikiona mmetulia tuli. Msigeuke, msiseme, mpaka mtakaposikia kcha! Mkitikisika, inaanza upya."

"Na wewe unakwenda wapi?" Kifaru akauliza.

"Nyuma yenu, kutundika kitambaa, ili mng'ae."

Hawakujua kwamba betri ya kamera ilikuwa shavuni mwa Kindi.

Akatundika kitambaa kwenye matawi ya kando ya gogo. Kisha, tiki-tiki-tiki!

Jua likawachoma. Jasho likawachuruzika.

"Nyati," Kifaru akanong'ona bila kufungua mdomo, "pua inaniwasha."

"Nyamaza! Ona, sasa inaanza upya!"

Wakatulia tena. Inzi akatua juu ya pua ya Kifaru, akatembea, akaingia ndani.

"Cha... cha... CHYAAA!"

Kitambaa kikaanguka. Wakageuka. Kindi alikuwa ng'ambo.

"We Kindi!" Nyati akapiga kelele. "Na picha yetu?"

"Kamera nimewaachia! Jipigeni!"

Nyati akaweka kwato moja juu ya gogo. Krrr! Akairudisha upesi.

Kindi hakutazama nyuma. Aliipenda sana kamera ile, na alijua asingeweza kuirudia. Alikaza mwendo.

Mama alikuwa anachambua mboga. Akainua macho, ungo ukamdondoka.

"Mwanangu!"

"Mama!"

Wakakumbatiana mpaka mboga zote zikakanyagwa.

"Umekonda," mama akasema, akimpapasa uso. "Ulikuwa unafanya nini siku zote hizo?"

Kindi akamweleza habari za mvule, lenzi na picha za ukutani. Mama akageuka kuutazama mvule.

"Kumbe ni wewe! Kila alasiri niliona kitu kinametameta kule juu ya mti. Nikadhani ni jua tu. Ningejua, mwanangu, ningekupungia mkono."

Kindi akamsogelea. Akalaza kichwa mapajani mwa mama, akalia.

Nami nawaachieni neno moja, wanangu: picha hukuonyesha umpendaye, lakini haikufikishi kwake.