Konokono Aliyevua Gamba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Ehee. Pakawa pwani, maji yametoka, mawe yote yanaonekana. Sogeeni basi.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na Konokono wa baharini, mdogo kama punje ya kunde. Mgongoni alikuwa na gamba zuri, jeupe pee. Miaka na miaka aliomba mtoto. Mungu akamjaalia, akataga. Akayabandika mayai yake chini ya jiwe, yakajizungusha kama utepe, maana chini ya jiwe pana unyevu na jua halifiki.

Wewe Chiku, mayai ya konokono hayakaangwi! Sikiliza.

Bamvua likaja, maji yakatoka mbali. Akaja Mize kuchokoa pweza. Mize alikuwa mzazi, juzi tu ametimiza arobaini, na mtoto kamwacha kwa mama mkwe. Mama mkwe alimwambia, "Mwanangu, ukifunua jiwe, lifunike. Chini yake pana wenyewe."

"Haya, mama," akaitikia.

Lakini moyo wake ulikuwa kwa mtoto. Akafunua jiwe, hamna pweza, akaliacha chali. Akafunua la pili, akaliacha chali. Akafunua la tatu, la Konokono, nalo akaliacha chali, huyoo, akaenda zake.

Masikini! Jua likayapiga mayai.

"Ewe Kaa, nigeuzie jiwe, wanangu wanakauka!"

"Nina shughuli, nachimba shimo langu."

"Ewe Chaza, niazime ganda lako moja niwafunike!"

"Ninayo mawili tu."

"Ewe Pweza, una mikono minane, nisaidie na mmoja!"

"Yote minane najifichia. Humwoni Mize huyo?"

Konokono akalia sana. Kisha akavua gamba lake, kwa uchungu ambao siwezi kuwaelezeni, akawafunika nalo wanawe. Gamba likatosha nusu. Nusu nyingine akailalia mwenyewe, mwili mtupu. Akaimba:

*Jua, jua, nichome mimi,*
*wanangu wachanga usiwaguse.*
*Jua, jua, nichome mimi.*

Mize akasikia. Maziwa yakamtoka yenyewe, yakalowesha kanga. Akarudi mbio.

"Lahaula! Nani analia?"

"Ni mimi, dada. Umefungua mlango wa watu, hukuufunga."

Mize akainama, akaona utepe, akaona gamba, akaona yule mama alivyonyauka.

"Nisamehe, mzazi mwenzangu," akasema, na machozi yanamtiririka. Akachota maji kwa viganja, akawamwagia. Akalishika jiwe kwa mikono miwili, akaanza kuligeuza polepole. Hapo maji yalikuwa yanarudi. Wimbi la kwanza likaja, likalizoa gamba.

"Gamba lako linakwenda! Nilikamate?"

"Liache, dada. Wewe shika jiwe."

Mize akashika jiwe, akalilaza mahali pake. Akaenda kufunika la pili, akaenda kufunika la kwanza, maji yamemfika kiunoni. Akarudi nyumbani bila pweza hata mmoja, akamnyonyesha mwanawe.

Siku zikapita, mayai yakaanguliwa. Kila mtoto katoka na kigamba chake mgongoni. Wakamwona mama yao.

"Mama, gamba lako liko wapi?"

"Nilikuvisheni nyinyi."

Watoto wakatazamana. Wakavua vigamba vyao, mmoja mmoja, wakamlalia mama yao asione baridi. Na hata leo, konokono yule huzaliwa na gamba, akianza kukua hulivua, akaishi chini ya jiwe, akitutegemea sisi tunaopita.

Basi wanangu, ukifunua, funika. Huwezi kujua nani amelala hapo.

Hadithi yangu imekwisha. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi. Na sasa nataka kujua: nani kafunua chungu changu cha samaki, akakiacha wazi?