Nguchiro na Tope la Uani kwa Mama

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majirani wa kuwasengenya, Nguchiro alikaa na mama yake pale mto unapomwaga maji baharini. Nyinyi mnaofinyana huko nyuma, tulieni. Hadithi hii haina kicheko kingi.

Kila masika mto ulifurika, ukaacha tope zito uani kwa mama mpaka kizingitini. Kulizoa ilikuwa kazi ya Nguchiro, na alikuwa mvivu huyo! Mama akimwambia alimwage nyuma ya nyumba, kwenye mikoko, yeye hulalamika kwamba mgongo unamuuma. Mgongo wenyewe haufiki hata urefu wa mkono wangu.

Mwaka mmoja akachoka kabisa. Akaufuata mto kwenda juu hadi bondeni kwa Tembo na Kiboko. Wakubwa wale hawakuwahi kuiona bahari, naye alilijua hilo. Akawakuta wakilalamikia kiangazi, jinsi mto unavyobaki vidimbwi na watoto wao wanavyokonda.

"Shikamooni, wazee wangu," akasema. "Mnajua maji yenu yanakwenda wapi?"

Kiboko akajibu kwamba yanakwenda chini, kama maji yote.

"Yanakwenda kwa Bahari. Anakunywa usiku na mchana wala hashibi, nanyi hapa mnakufa kiu. Uzibeni mto. Na akimtuma mtu kuja kuwabembeleza, msimsikilize."

Masikio ya Tembo yakasimama. Siku hiyohiyo akaanza kung'oa magogo, kwaa! Kiboko akasukuma mawe, gulugulu, mpaka bonde likazibwa. Maji yakajaa, yakatulia, na tope lote likazama chini. Yaliyopita juu ya ukuta yalikuwa meupe pe. Watoto wa Tembo wakanenepa, na Nguchiro akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Masika yakaja, ua ukabaki safi. Nguchiro akalala mpaka jua la utosini, tena bila haya.

Lakini masika yaliyofuata mizizi ya mikoko ilikuwa wazi, na miti ikaanza kuanguka mmoja mmoja. Haukupita muda, wimbi likaingia jikoni kwa mama, likazima moto.

Mama akakaa juu ya kinu kilichopinduka. "Mwanangu, bahari imekuwa ikila ufuko huu tangu enzi za bibi yako," akasema. "Mto ndio uliokuwa ukituletea udongo mwingine. Sijui mto wetu umepatwa na nini."

Nguchiro alijua. Akatoka mbio hadi bondeni, akamwomba Tembo atoboe ukuta kwa chini, tope lipite angalau kidogo. Safari hii alieleza yote kama yalivyokuwa: tope, mikoko, nyumba ya mama, hata uvivu wake. Tembo akamsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mzee wa adabu.

"Ulituambia Bahari atamtuma mtu," akasema. "Sikudhani atakutuma wewe."

"Nilidanganya, mzee wangu. Siku ile ndiyo niliyodanganya."

"Na leo je, nitajuaje?"

Nyuma yake watoto wa Tembo walikuwa wakioga, chubwi, chubwi. Kiboko akamsindikiza Nguchiro hadi njiani, kwa upole, kama anavyosindikizwa mgeni asiyetakiwa kurudi.

Aliporudi, ukuta wa nyumba upande wa bahari ulikuwa umeshaanguka. Akambeba mama mgongoni, mgongo uleule, akampeleka mlimani kwa shangazi yake. Shangazi aliwapokea vizuri, siwezi kumsema. Ila mama aliyekuwa na jiko lake sasa aliomba ruhusa kabla ya kuinjika chungu, na akiketi, aliketi pembeni pembeni.

Jioni alikuwa akimuuliza mwanawe: "Hivi tuliukosea nini mto, baba?"

Nguchiro alikuwa akiinamisha kichwa na kujifanya anachochea moto. Inaniuma kusema, lakini mama yule alikufa bila kujibiwa.

Ndiyo hivyo, wanangu: mwongo akiaminiwa mno, siku ya kusema kweli hukosa wa kumsikiliza.