Bi Pimbi Aomba Kuongezewa Muda

Zamani hizo, watoto, kabla hamjazaliwa ninyi wala mimi, wanyama nao walikuwa na ofisi. Walikuwa na wakuu, na barua, na vikao vya kupanga lini kifanyike kikao kingine. Na katika Bonde la Kitonto ofisi kubwa kuliko zote ilikuwa Idara ya Kisima, kwa sababu kiangazi cha huko kilikuwa kikali na bonde zima lilikuwa na kisima kimoja tu.

Mkuu wa idara alikuwa Kiboko. Kazi yake ilikuwa kulala katika dimbwi lililo kando ya kisima, akiyasimamia maji. Chini yake alikuwapo Nyati, aliyeshughulikia mambo ya watumishi, na Fisi, aliyeshughulikia mambo ambayo hakuna aliyemtuma ayashughulikie. Na chini ya hao wote, karibu kabisa na matope, alikuwapo Bi Pimbi.

Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo kama sungura, hana mkia, anaishi mwambani, na duniani hakuna anachokipenda kama kujianika juani asubuhi. Sasa fikirieni, mnyama wa namna hiyo alikuwa ameajiriwa kufungua kisima alfajiri! Misimu ishirini na tisa ya mvua ilikuwa imepita, naye hakuwa ameota jua la asubuhi ila siku alizougua.

Alianza akiwa mfungua lango. Mpanga zamu alipoondoka, Nyati akamwambia ashike na hiyo kwa muda. Mzibua mfereji alipovunjika mguu, ashike kwa muda. Msuluhishi wa foleni alipopigwa teke na Punda Milia akaacha kazi, basi, Bi Pimbi, kwa muda tu. Akawa na vyeo vinne, vitatu kati ya hivyo vya kukaimu, na jembe moja. Kila kazi mpya ilipozuka, Kiboko alitoa pua majini, pwaa, akasema apewe Bi Pimbi kwa sababu ana uzoefu. Kisha pua ikarudi majini.

Sheria ya bonde ilisema kwamba mtumishi akitimiza misimu thelathini apumzike. Lakini sheria hiyo ilikuwa na mkia. Haondoki mtu mpaka akabidhi funguo, mbele ya mashahidi, kwa mrithi aliyejifunza kazi na kuikubali. Na aliyezipokea funguo ndiye mwenye kazi mpaka naye apate wa kumkabidhi.

Huo mkia ndio uliomnyima Bi Pimbi usingizi. Aliyekuwa na funguo kabla yake, Mzee Kobe, alipotimiza misimu yake aliambiwa avumilie msimu mmoja, mrithi anatafutwa. Akavumilia. Akaambiwa tena mmoja. Mwishowe alifia langoni, funguo zikiwa shingoni, na Nyati akasoma hotuba nzuri kwamba marehemu aliipenda sana kazi yake. Bi Pimbi, wakati huo binti mgeni kazini, ndiye aliyeambiwa amvue zile funguo. Tangu siku hiyo alikuwa akiogopa, na sasa magoti yalipokuwa yakilia kakaka kila akiinua jembe, hofu ilizidi.

Msimu wa thelathini ulipokaribia, aliandika barua ya kuomba mrithi. Kiboko alisema ameisoma na amefurahi, ingawa ilikuwa imelowa hata maneno hayaonekani. Aliandika ya pili. Nyati akamcheka, akamwambia mtu mwenye nguvu kama yeye hapaswi hata kutamka neno kupumzika. Aliandika ya tatu, na safari hii nafasi ikatangazwa. Wakaja Nyani na Ngiri kuitazama kazi. Walipoona matope na urefu wa foleni, wote wawili wakakumbuka kwamba wameacha wagonjwa nyumbani.

Jioni hiyo Bi Pimbi alirudi mwambani akamkuta mumewe, Mzee Pimbi, amejilaza kwenye jiwe lenye joto. Yeye alikuwa mlinzi wa kilima na alishapumzika zamani. Bi Pimbi akaketi kando yake akalia. Alimwambia mumewe kwamba anaona wazi atazikwa na funguo.

Mzee Pimbi akamwacha alie mpaka akanyamaza. Kisha akasema, "Mke wangu, kosa lako ni moja. Umewaambia kweli."

"Kwani niwaambie nini?"

"Wale wakubwa tangu wazaliwe hawajaona mtu anayetaka kutoka ofisini. Ukiomba kuondoka wanadhani unadeka. Lakini hebu omba kubaki uone."

Bi Pimbi akafuta machozi. Halafu akaanza kucheka, kwikwikwi, mpaka mbavu zikamuuma.

Kesho yake akaanza. Kando ya kisima palikuwa na kibanda cha udongo cha kuwekea vifaa, ambacho siku zote kilikuwa wazi. Bi Pimbi akakitia kufuli. Kila adhuhuri aliingia humo peke yake, akajifungia, akakaa kidogo. Akitoka, hutazama kulia, hutazama kushoto, kisha hujifuta mdomo.

Siku ya pili Fisi alimwona. Siku ya tatu Fisi hakuwa na kazi nyingine. Alikwenda kuchungulia kwenye tundu la ukutani, akakuta limezibwa kwa udongo mbichi. Akajitolea kwa upole kumsaidia Bi Pimbi kufagia kibanda. Bi Pimbi akamshukuru sana, akasema hapana, asihangaike, yeye mwenyewe anapaweza.

Bonde zima halikuwa na mnyama aliyewahi kumsikia Bi Pimbi akikataa kusaidiwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsaidia. Fisi akakimbia kwa Nyati, ulimi nje. Nyati naye alikuwa ameshapokea barua asubuhi hiyo, na alikuwa akiisoma kwa mara ya nne. Bi Pimbi alikuwa ameandika kwamba anafuta maombi yake yote ya zamani, na kwamba anaiomba idara kwa unyenyekevu mkubwa imwongezee misimu mitano.

Wakaenda wote wawili kwa Kiboko. Pua ikatoka majini, na safari hii ikafuatwa na kichwa kizima.

"Mitano?" akauliza Kiboko.

"Mitano, Mkuu," akasema Nyati. "Na ameandika kwamba hata mitatu si haba."

"Anakula nini mle ndani?"

Hapo kila mmoja alikuwa na jibu lake. Nyati alikuwa na hakika kwamba ni mwamba wa chumvi, wa kulamba. Fisi aliapa kwamba amesikia harufu ya mifupa. Kiboko akilini mwake alikuwa akiyaona majani mabichi yenye umande, rundo kwa rundo, yamefichwa humo kiangazi chote. Fisi akashauri kibanda kivunjwe mara moja. Kiboko akamkemea. Kikivunjwa mchana kweupe, foleni nzima itaona, na kila mnyama atataka sehemu yake. Jambo hilo lilitakiwa kwenda kwa utaratibu.

Na Kiboko alikuwa na siri yake. Yeye pia alikuwa anamaliza misimu thelathini mwaka huohuo. Bi Pimbi alikosa mrithi, lakini Kiboko alikuwa nao kumi na wawili, na Mamba alikuwa ameshaanza kulipima dimbwi lake kwa mkia. Kwa muda mrefu Kiboko alikuwa akijiuliza ataegemea wapi akitolewa majini. Sasa akapaona.

Bi Pimbi akaitwa. Nyati akamsomea sheria kwa sauti kubwa, kwamba kila mtumishi ana haki ya kupumzika na idara haiwezi kumdhulumu haki yake. Bi Pimbi akapiga magoti, kakaka.

"Mkuu wangu," akasema, "mimi nikitoka hapa, nitapata wapi tena kitu kama hiki?"

Wale watatu wakatazamana. Kiboko akameza mate.

"Wewe umeshashiba, Bi Pimbi," akamjibu. "Waachie na wenzio."

Bi Pimbi akaomba basi apewe miezi mitatu amfundishe mrithi polepole. Wakaona hiyo ni hila ya kuhamisha mali. Wakampa siku moja. Akauliza kwa unyonge mrithi mwenyewe ni nani, na Kiboko akasema kwamba kwa kuipenda idara ameamua kuyabeba mwenyewe majukumu hayo katika miaka yake ya uzeeni. Nyati akasema Mkuu hawezi kuachwa peke yake, lazima apate msaidizi. Fisi akasema msaidizi lazima apate msaidizi.

Siku hiyo moja Bi Pimbi aliwafundisha kweli, hakuficha kitu. Aliwaonyesha mahali mfereji unapoziba na namna ya kuuzibua bila kuvunja ukingo. Aliwaeleza kwamba Tembo wanakunywa baada ya Swala, wala si kabla, kwa sababu wakitangulia wanaacha tope tupu. Aliwatajia zamu za koo arobaini na moja. Nyati alikuwa anakiangalia kibanda. Fisi alikuwa anakiangalia kibanda. Kila Bi Pimbi alipouliza kama wameelewa, Kiboko alisema wameelewa, twende mbele.

Alasiri ikafanyika hafla ya kumuaga. Nyati akasoma hotuba ileile aliyoisoma kwa Mzee Kobe, akabadilisha jina, akasahau kuondoa neno marehemu. Wakamzawadia jembe jipya. Wanyama wote walikuwapo, na mbele yao Kiboko alitamka kwamba amejifunza kazi na ameikubali, na wenzake wawili wakatamka hivyohivyo. Bi Pimbi akavua funguo shingoni. Alizitazama kidogo. Kisha akazitia mkononi mwa Kiboko, na lile jembe jipya akamwachia pia, akisema huenda akalihitaji. Halafu akapanda kilima bila kugeuka nyuma.

Alfajiri ya kesho yake wale watatu walifika kibandani, giza bado halijatoka vizuri, wakisukumana. Kacha! Kufuli ikafunguka. Ndani mlikuwa na jembe la zamani, ndoo iliyotoboka, na kitandiko cha majani makavu ambapo Bi Pimbi alikuwa akinyoosha magoti yake adhuhuri.

Nyati hakuamini. Alilamba ukuta mmoja akitafuta chumvi, akalamba wa pili. Fisi akachimba sakafu mpaka kucha zikamtoka damu. Kiboko alikwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, akiuliza kwa sauti ya kilio wamepata nini, wamepata nini.

Nje, foleni ilikuwa imeshafika kilimani na lango lilikuwa bado limefungwa.

"Zamu ya nani leo?" Tembo akauliza.

Wale watatu wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka. Nyati akabahatisha, akasema Tembo. Tembo wakaingia, na walipotoka, kisimani hapakubaki kitu ila tope. Swala wakaanza kulia, Nyumbu wakaanza kusukuma, Punda Milia akageuza mgongo akainua mguu. Fisi akatangaza kwamba ana mgonjwa nyumbani. Foleni ikamrudisha. Saa nzima baadaye Kiboko, yule aliyekuwa akiyasimamia maji kwa kuyalalia, alikuwa ndani ya mfereji na jembe jipya, akizibua, na kule dimbwini Mamba alikuwa amelala akimtazama kwa jicho moja.

Huko mwambani Bi Pimbi alikuwa ameamka alfajiri kwa mazoea, akakaa kitako gizani, hajui aende wapi. Mumewe akamsogezea nafasi kwenye jiwe. Jua likatoka. Likampiga tumboni, likampiga magotini, na Bi Pimbi akasikia furaha mpaka machozi yakamtoka, akayaacha yakauke yenyewe.

Adhuhuri wakasikia mtu anahema chini ya kilima. Alikuwa Kiboko, ametapakaa tope mpaka masikioni. Kupanda hakuweza. Akaita kutoka chini, akamwomba Bi Pimbi ashuke ampokee zile funguo, msimu mmoja tu, kwa muda tu, na cheo safari hii kitathibitishwa.

Bi Pimbi akachungulia ukingoni mwa jiwe.

"Mkuu," akasema kwa adabu, "mimi ni mstaafu. Mambo ya ofisi siyajui tena."

Akarudi kujilaza, akageuza upande wa pili nao upate joto. Nanyi watoto, yakumbukeni ya Kiboko: asiyeamini kwamba mtu anaweza kuifanya kazi bila kuila, siku moja atakabidhiwa hiyo kazi aifanye.