Ufunguo wa Kobe

Hapo zamani, na siyo zamani ile ya sungura kumlaghai fisi, bali zamani hii ya juzi ambayo bado inanuka petroli, aliishi mwanamke mmoja katika milima ya Rungwe, mahali ambapo mvua hunyesha mpaka kuku huchoka kujikung'uta. Aliitwa Bi Subilaga. Alikuwa na Landrova kuukuu, na watu waliiita Kobe, kwa sababu haikuwa na haraka, na kwa sababu popote ilipokwenda ilirudi.

Mumewe alipofariki, majirani walidhani Kobe ataota nyasi uani. Bi Subilaga, ambaye hakuwahi kushika usukani, akajifunza. Akapeleka ndizi sokoni. Akapeleka wajawazito zahanati. Akapeleka maharusi kanisani na marehemu makaburini. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba, akalala nao, akaamka nao.

Miaka ikapita, na macho yake yakaingia ukungu kama ule wa asubuhi kwenye mashamba ya chai, ila huu haukuondoka jua lilipopanda. Siku aliposimama barabarani akamwambia ng'ombe, "Panda, mchungaji, nikusogeze," alijua mwenyewe kwamba basi.

Akawaita wanawe watatu: Ambakisye, mzaliwa wa kwanza, Tuntufye, binti pekee, na Gwamaka, kitinda mimba.

"Siku ya harusi ya Bupe mjukuu wangu," akasema, "watu wakishakula, nitauvua ufunguo huu na kumvisha mmoja wenu."

"Mama," akasema Ambakisye, ambaye ndiye baba yake Bupe, "kwa nini mmoja? Sisi si damu moja?"

"Damu moja, ndiyo. Lakini gari la watu watatu halina mtu wa kulipima upepo. Kila mmoja atasema, 'Mwenzangu ameshapima.' Na Kobe hubeba watu, habebi kuni. Ufunguo ni wa mmoja."

Siku ikafika. Bupe alikuwa ametangulia bondeni, ukweni, pamoja na mama zake wadogo. Wengine walipaswa kushuka asubuhi na ndizi, mbuzi, na jogoo mwekundu wa wakwe.

Tuntufye aliamka kabla ya wote. Akachukua kipimo cha upepo, akapima matairi yote yakiwa bado ya baridi, maana tairi likishatembea, upepo wake hudanganya. Akapima na spea, lile ambalo hakuna anayelikumbuka mpaka atakapolihitaji. Lilikuwa limelegea kama tumbo la mtu aliyefunga. Akalishusha, akaliviringisha mpaka kwa fundi pancha, akamgongea dirisha mpaka akaamka, akalijaza, akalirudisha. Kisha akapapasa ubavu wa tairi la nyuma kushoto, mkono wake ukasimama.

"Kaka," akamwita Ambakisye, aliyekuwa akifunga mikungu ya ndizi juu ya gari. "Tairi hili lina jipu ubavuni."

"Hata mimi nina jipu," akajibu Ambakisye, "na leo nitacheza ngoma."

Watu wakacheka.

"Tulibadilishe sasa. Spea liko tayari."

"Tuchelewe kanisani? Mimi ndiye baba wa bibi harusi, dada yangu. Ni mteremko mtupu, litatufikisha."

Tuntufye akaguna, akapanda. Bi Subilaga, aliyekuwa ameshaketi mbele, alisikia yote, wala hakusema neno.

Ambakisye akaazimwa ufunguo, akashika usukani. Kobe akashuka, akashuka, akashuka. Nyuma wanawake waliimba, mbuzi akawaitikia. Sekela, mke wa Ambakisye na mama yake Bupe, alikaa mwishoni kabisa karibu na mlango, akilinda sufuria zisigongane.

Wakiwa juu ya kona kali, upande mmoja mlima, upande mwingine korongo, wakasikia: paa!

Mkia wa Kobe ukaelekea korongoni. Wimbo ukakatika. Mguu wa dereva, jamani, una akili yake mwenyewe, na akili hiyo husema, "Breki!" Ambakisye aliunyima mguu ruhusa. Akaushika usukani kwa mikono miwili kama anayemzuia fahali kwa pembe, akaacha gari lipungue mwendo lenyewe, akiiachia gia kazi ya kulizuia. Kobe akachechemea, kibu, kibu, kibu, akaizunguka kona yote, na hakusimamishwa mpaka alipofika pale barabara ilipokuwa tambarare.

"Ambakisye," akasema mama yake, "umesimama?"

"Nimesimama, mama."

"Basi pumua."

Hapo Gwamaka akaruka chini. "Shukeni wote! Mbuzi pia!"

"Na mimi?" akauliza Bi Subilaga.

"Na wewe, mama. Gari halinyanyuliwi mtu akiwa ndani."

Wakamkalisha kwenye ukingo wa nyasi, na kwa kuwa macho yalikuwa na ukungu, alitazama kwa masikio. Akasikia Gwamaka akikata matawi na kuyaburuta mpaka juu ya kona, akayapanga barabarani na mawe makubwa, ili ajaye apunguze mwendo. Akasikia mawe mengine yakiwekwa kama vigingi mbele na nyuma ya magurudumu. Akasikia nati zikilia zilipolegezwa gurudumu likiwa bado chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana anayezilazimisha nati gari likiwa juu, hulivuta limwangukie. Akasikia ubao ukilazwa kwenye udongo wenye maji, kisha jeki juu ya ubao. Kobe akapanda. Gurudumu lililopasuka likatoka, na Gwamaka akalilaza chini ya chesisi, ule uti wa mgongo wa gari.

"La nini huko?" akauliza Ambakisye.

"Ni godoro, kaka. Huenda Kobe akataka kulala."

Wakati huohuo jogoo wa wakwe akakata kamba, akakimbilia chini ya gari. Ambakisye akajitupa kifudifudi, akaingiza mkono, akaingiza kichwa, akaingiza kifua.

"Toka!" Gwamaka akapiga kelele.

"Jogoo wa wakwe huyu!"

"Wakwe watakula maharage! Toka, kaka!" Akamkamata mkanda wa suruali, akamvuta kama gunia.

Ubao ukateleza. Jeki ikalala. Kobe akashuka kwa kishindo, akalikalia lile gurudumu, akatulia. Jogoo akatokea upande wa pili, akajikung'uta, akawika.

Watu wakacheka sana, kisha wote kwa pamoja wakaacha kucheka.

Gwamaka akapanga ubao upya, akapandisha tena, akavisha spea. Akakaza nati kwa msalaba, hii na ile inayoitazama, akashusha gari, akakaza tena. "Pandeni! Kengele haitungoji!" Wakaondoa vigingi, wakapanda wakisukumana, na wimbo ukaanza upya.

Hawakwenda mbali, Gwamaka akagonga bati. "Simama, nirudie nati."

"Umezikaza mbele yetu sote!" Ambakisye akalalamika.

"Gurudumu lililovishwa sasa hivi hujikalisha vizuri likishatembea kidogo. Simama."

Akasimama. Nati mbili zilikubali kuzunguka tena. Na kwa sababu gari lilikuwa kimya, Tuntufye akageuka, akaona sufuria zinakaa peke yake.

"Wifi yuko wapi?"

Wakatazamana. Sekela hakuwemo. Mume alidhani amekaa na wanawake, na wanawake walidhani amehamia mbele kwa mume. Barabara ilikuwa nyembamba, hapakuwa na mahali pa kugeuzia. Ambakisye alianza kupanda mlima kwa miguu, suti yote na tope, ndipo gari la maziwa likaja taratibu kutoka juu. Sekela alikuwa ndani yake, kitenge chake cha harusi kimejaa udongo.

"Huyu mama ni wa kwenu?" akauliza dereva. "Nimemkuta juu ya kona anaviringisha jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Yeye ndiye aliyenipungia mkono nisimame. Na nyuma nimebeba wanakwaya. Ningelikuta jiwe lile mwenyewe, leo mngekuwa na harusi huku na msiba kule."

"Mke wangu," akasema Ambakisye, "siku ya kumwoza mwanao unabaki nyuma kuokota mawe?"

"Tuliyaweka sisi," akasema Sekela. "Na wale waliokuwa wanakuja nao wana watoto wa kuwaoza."

Bi Subilaga akasikia. "Ndaga, mkamwana," akasema polepole. Asante, mkwe wangu.

Walifika kengele ikilia, na ufunguo ukarudi shingoni mwa Bi Subilaga. Bupe akaolewa. Watu wakala, wakacheza, na habari za jogoo zikasimuliwa mara nyingi kiasi kwamba wakwe walikataa kumchinja.

Ndipo mjomba mmoja akasema, "Bi Subilaga, tumeshiba. Ahadi ni deni."

Tuntufye akasimama. "Mama, bila mimi spea lingekuwa ngozi tupu, na sasa hivi tungekuwa bado njiani tunawagawia nyani ndizi. Mimi niliona wakati hakuna kishindo. Baada ya kishindo, hata mbuzi aliona."

"Uliliona jipu, ukapanda," akasema Ambakisye. "Mtu aliyeamini anachokisema angelala mbele ya gari."

Tuntufye akamgeukia kaka yake. "Ufunguo haukuwa mkononi mwangu, kaka. Nipewe, halafu uone kama Kobe atatoka na jipu."

Ambakisye akasimama. "Spea ni la nini kwa watu walio chini ya korongo? Hata lingejaa upepo wa dunia nzima. Mikono hii ndiyo iliyowaleta mezani."

"Na mdomo huo," akasema Tuntufye, "ndio uliotupeleka korongoni."

"Kweli. Asubuhi nilikosea, nakubali mbele ya wakwe. Lakini pale juu, sikukosea."

Gwamaka akasimama. "Kaka anajisifia mikono. Mikono anayo, ila leo angekuwa hana kifua." Watu wakaangua kicheko, Ambakisye akiwa wa kwanza. "Mimi nilitoa godoro kabla ya usingizi. Na nati nilizirudia hata mlipokasirika. Nisingesimamisha gari, nani angejua shemeji hayumo?"

"Nati ulizirudia," akasema Tuntufye, "na mawe je?"

Gwamaka akakuna kichwa, akaketi.

Bi Subilaga akageuza uso kuelekea sauti ya sahani, ambako Sekela alikuwa akikusanya vyombo. "Na wewe, Sekela?"

"Mimi, mama? Mimi hata gia sizijui."

"Gia hufundishwa," akasema mjomba mmoja.

"Na kurudi kuokota mawe, je, hakufundishwi?" akajibu mwingine.

"Kona haitakungoja ujifunze," akasema wa tatu, na meza nzima ikaanza kubishana.

Bi Subilaga hakuwasikiliza tena. Alikumbuka kwamba naye siku moja hakujua gia. Alikumbuka pia kwamba asubuhi ile alisikia habari za jipu, akanyamaza, kwa hiyo hakuona mtu wa kumnyooshea kidole. Lakini kesho Kobe angepanda mlima uleule na watu walewale, wanakijiji wakilala na kuamka wakimtegemea, na yeye asingeweza tena kuwa macho yao.

Akaivua kamba shingoni. Ufunguo ulikuwa na joto la kifua chake. Mbele yake, katika ukungu, aliona vivuli vinne: aliyeona mapema, aliyeushika usukani, aliyeweka godoro, na aliyerudi nyuma. Akaunyoosha mkono.

Na mkono huo bado uko hewani, wenzangu, unangoja neno lenu. Haya, nanyi mnaopanda magari ya watu kila siku bila kutazama magurudumu yake: kama mngekuwa macho ya Bi Subilaga, kamba ile mngemvisha nani?