Harufu Tamu ya Kidonda

"Mngoja watimie hukuta mlango chini." Mmeisikia sokoni asubuhi hii, mkarudi mbio kuniuliza ni kina nani hao wanaotimia. Kaeni basi, maana methali hii haikutoka kwa mshairi wala kwa mfalme. Ilitoka katika nyumba ya mchoma chokaa, na ilianza hivi.

Mchoma chokaa huyo aliitwa Mwinyipembe, na mkewe Siwatu. Siku moja tanuru lilibomoka upande, makaa yakamwangukia mume na kumuunguza mguu wa kushoto kuanzia goti hadi kifundo. Zahanati walimsafisha wakamfunga bandeji. Baada ya siku chache wakamwonyesha Siwatu jinsi ya kuibadilisha, akawa anamhudumia mwenyewe nyumbani. Kidonda kikatulia. Homa haikuwapo, mgonjwa alikula wali akaomba nyongeza, na nyumba nzima ikashusha pumzi isipokuwa Siwatu.

Kilichomnyima raha ni harufu. Kila akifungua bandeji ilimjia harufu tamu, kama ya zambarau zilizoiva kupita kiasi. Ungekuwa uvundo angejua la kufanya. Utamu ule ulimtia hofu asiyoweza kuieleza, na aliona haya kuutaja. Wageni walikuwa wakiingia kutwa kumpa mgonjwa pole, na ninyi mnajua watu wanavyosema nyumba ya mgonjwa ikitoa harufu. Basi akafanya kama alivyolelewa: kabla mgeni hajakaa, chetezo kilikuwa kimewashwa na udi umejaa chumbani. Siku ya tatu hata yeye mwenyewe hakuweza tena kuisikia ile harufu, akajidanganya kwamba imekwisha.

Jumatano akaja Bi Nyamvula, nesi mstaafu aliyeuguza watu walioungua miaka thelathini. Alipoketi tu akaomba chetezo kitolewe nje. Siwatu alichomwa na aibu, lakini alikitoa. Bibi akafungua bandeji, akautazama ukijani uliolowa kwenye kitambaa, akainama kunusa, kisha akamwita Siwatu uani.

"Mwanangu, harufu hii umeanza kuisikia lini?"

"Tangu Jumapili."

"Nawe ukaifukizia udi."

Siwatu akainamisha kichwa.

"Hiyo ni minong'ono ya vijidudu," Bi Nyamvula akasema. "Kila mmoja hutoa kemikali kidogo, na wenzake huionja. Wakiwa wachache kemikali inapotea, nao hukaa kimya. Hawatoi sumu, kwa sababu wakijionyesha mapema mwili utawamaliza. Wakizidi, kemikali nayo inazidi, na kila mmoja anajua kwamba sasa wametimia. Hapo maagizo waliyozaliwa nayo, yaliyokuwa yamelala ndani yao, huamka, na wote humwaga sumu kwa pamoja. Ni wezi nje ya mlango, mwanangu. Wawili watatu hawauvunji. Wanangojana."

"Mbona hasikii maumivu?"

"Kwa sababu bado hawajauvunja. Mpeleke hospitali leo."

Lakini katika nyumba ile neno la mwisho lilikuwa la Bweni, kaka yake Mwinyipembe. Hakuwa mtu mbaya. Alisema Ijumaa kuna hitima ya marehemu baba yao, ukoo mzima unakuja, na mgonjwa mwenyewe anacheka na watu. Jumamosi wangetafuta gari. "Shemeji, mtu hakimbizwi hospitali kwa sababu ananukia," akasema, na watu wote wakacheka. Siwatu naye akacheka. Kicheko hicho kilimuuma miaka mingi, kwa sababu alipokuwa akicheka moyo wake ulikuwa ukimwambia asimame.

Alhamisi alikifungua kidonda mara nne. Kila mara alikikuta vilevile, na kila mara aliogopa zaidi. Ijumaa, hitima ikisomwa barazani, Mwinyipembe akaanza kutetemeka. Kabla ya alasiri mguu ulikuwa umevimba hadi pajani, naye hakumtambua mkewe. Gari ambalo lingepatikana Jumamosi likapatikana saa ile ile. Madaktari waliokoa roho yake, lakini mguu waliukata juu ya goti.

Bi Nyamvula alikuja kutoa pole wala hakumlaumu mtu. Siwatu ndiye aliyejilaumu, akarudia maneno ya wale wezi na mlango hadi majirani wakayajua.

Haikutimia miaka miwili, chokaa ya moto ikamuunguza Bweni mkono wa kulia. Siku ya tano Siwatu alimpelekea uji, akaketi karibu naye, na ile harufu ikampiga. Akamwambia ainuke waende hospitali.

"Tungoje kesho, shemeji," Bweni akasema. "Mbona hauniumi."

Siwatu hakupaza sauti. "Mngoja watimie hukuta mlango chini."

Bweni akamtazama ndugu yake aliyekaa kizingitini, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kushikizwa kwa pini. Alinyoosha mkono mzima akatafuta viatu vyake chini ya kitanda.

Mkono ule anao hadi leo, na wajukuu anawabeba kwa huo huo. Mtu akimwambia kwamba jambo dogo halina haraka, Bweni hana hotuba ndefu. Humwonyesha kovu, kisha husema: mngoja watimie hukuta mlango chini.