Mshuka Mbio na Jivu la Kibo

Mshuka mbio hutanguliwa na msiba. Ndivyo alivyosema yule mama muuza maziwa asubuhi, alipomwona kijana wa pikipiki akiporomoka na kilima kama jiwe, naye juzi tu amemzika pacha wake. Nanyi mkacheka, mkadhani anamtisha kwa ajali. Hakuwa akizungumzia ajali hata kidogo. Mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mimi sikuyasoma popote. Niliyasikia kwa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, miaka niliyokuwa nikizungukazunguka huko nikitafuta kibarua, na wao walimjua mtu aliyeyasababisha. Yalianza hivi.

Palikuwa na wapagazi wawili, Ndekirwa na Aminieli, kazi yao kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Vihamba vya kwao, mashamba ya nyumbani, vilipakana, migomba ya huku ikiegemea migomba ya kule, katikati ukipita mfereji wa maji. Walitahiriwa siku moja, wakaanza kubeba mizigo siku moja, na mlimani walilala hema moja. Ukimwona mmoja peke yake ungeuliza mwenzake anaumwa nini.

Sasa, chini ya kilele cha Kibo kuna mteremko mkali wa jivu na kokoto, vitu vilivyotemwa na mlima zamani ulipokuwa na moto. Alfajiri jivu lile huwa limeganda kwa baridi. Jua likipanda hulegea, na hapo huwezi kulikanyaga kama unavyokanyaga ardhi nyingine. Litakwenda nawe.

Safari moja walimbebea mgeni mmoja mbao mbili nyembamba, ndefu kupita mtu, ncha zimepinda kama pembe.

"Mbao za jeneza hizi?" Ndekirwa aliuliza. "Mbona mwembamba hivi huyo marehemu?"

Walipofika juu, mgeni akazifunga mbao miguuni, akajiachia kwenye theluji. Wapagazi wakapiga kelele wakidhani amejiua. Lakini yule mtu alikwenda akipinda huku na huku kama mwewe, akasimama chini mzima, akawapungia mkono. Ndekirwa hakufumba mdomo mpaka kambini. Jioni akamwambia mwenzake, "Mbuya, rafiki yangu, theluji ya kwetu inakwisha kila mwaka. Lakini jivu, nani atalimaliza?"

Ndivyo walivyoanza kuteleza jivu. Hawakuwa na mbao. Walikuwa na mabuti waliyoachiwa na wageni, na fimbo. Mguu mmoja mbele, kisigino kimezama, goti limelegea, fimbo nyuma kama usukani, na nyuma ya mtu vumbi linapanda kama moshi wa shamba linalochomwa. Mahali pa kupanda nusu ya usiku, wao walishuka kabla uji haujapoa. Wapagazi wengine wakawaiga, ila hakuna aliyempata Ndekirwa. Siku zote yeye alifika chini kwanza. Aminieli akifika, macho yamejaa vumbi, humkuta mwenzake amekaa chini, amevua mabuti, anakung'uta kokoto.

"Karibu, bibi harusi," Ndekirwa humwambia. "Nilidhani umeoa huko njiani."

"Ningeoa nani, kunguru?"

"Kunguru wana akili, wasingekukubali."

Basi kila siku hivyo hivyo, na kila siku wanacheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Mwanzo wa kiangazi kimoja, ukungu ulipanda mapema. Wengine walisema wangoje. Ndekirwa hakungoja. Pembeni mwa mteremko ule kuna korongo ambalo wazee hawakuliingia, maana jivu lake ni jembamba na chini yake ni mwamba mtupu. Lakini lilikuwa njia ya mkato. Ndekirwa akaingia, Aminieli akamfuata. Alikuwa hamwoni, anamsikia tu akicheka mbele, ndani ya ukungu. Kisha hakumsikia tena.

Alimkuta chini ya jabali. Alikuwa ameshakwenda. Aminieli alikaa pale amempakata kichwa mpaka wenzake walipomfikia, na walipomwambia ainuke, aliwauliza kwa nini hawanyamazi, Ndekirwa anataka kusema.

Waliubeba mwili kushuka nao. Aminieli alishika mbele, bega la kulia, hakukubali kupokewa njia nzima. Lakini walipofika mwisho wa msitu, pale yanapoanza kuonekana mabati ya kijijini na vilio vimeshasikika, alimwita mwingine ashike mahali pake. Akageuka, akarudi mlimani. Hakuzika.

Hapo ndipo lilipozaliwa jambo. Katika kijiji chao msiba ulikuwa na utaratibu wake. Matanga hayakuanuliwa mpaka yule aliyekula na marehemu mara ya mwisho aingie uani, akae mbele ya mama mzazi, aseme neno la mwisho la marehemu. Lolote, hata kama alisema nipe chumvi. Neno hilo likishasemwa, shangazi huwanyoa wafiwa nywele, moto wa matanga huzimwa, watu hurudi mashambani. Lisiposemwa, mama anaendelea kulala chini kwenye majani makavu ya migomba, hanyolewi, hashiki jembe, hapiki chakula cha wengine. Kifo kinakuwa bado kimekaa sebuleni kama mgeni asiyeaga.

Mama Ndekirwa akakaa. Majirani walikaa naye mwanzoni, kisha wakapungua, maana kila mtu ana ng'ombe wake wa kukatia majani. Wakamtumia Aminieli ujumbe kwa wapagazi. Akajibu, "Safari hii ikiisha nitakuja." Ikaisha, akachukua mizigo ya kundi jingine pale pale kwenye geti la mlima, hata maji hajanywa. Wakatuma tena. "Safari ijayo." Aliacha kwenda kwao kabisa. Akaishi mlimani, juu na chini, juu na chini.

Na kila aliposhuka, aliteleza. Kwanza mteremko wa kawaida, kwa kasi ambayo hata Ndekirwa hakuwa nayo. Kisha akaanza kuliingia korongo lenyewe. Alikuwa akirudi ngozi imechunika viganjani, meno yana vumbi. Mnyapara wa wapagazi, mzee Saria, alimshika shati siku moja.

"Unatafuta nini mle, wewe?"

"Kushuka."

"Wote tunashuka. Wewe unajitupa."

"Mzee Saria, ninapokuwa ndani ya kasi, sikumbuki kitu. Hata jina langu. Ni hapo tu ninapopumua."

"Halafu ukifika chini?"

Aminieli akajitwika mzigo wake, akaondoka. Lakini wenzake walikuwa wameshaona. Akifika chini, alikuwa akisimama ghafla na kutazama pale alipozoea kumkuta mwenzake amekaa. Kokoto tupu. Basi alikuwa anageuka, anatazama juu, na siku nyingine alipanda tena mteremko ule ule siku hiyo hiyo, na kifua kinalia, ili ateleze tena. Alidhani hajakimbia vya kutosha.

Mawingu ya mvua za kupandia yakaanza kukusanyika. Mama Ndekirwa akaona shamba lake limelala, majirani wameshalima, nywele zimemsonga kichwani kama kiota. Akainuka kwenye majani yake. Watu wakamwambia, mama, mwenye matanga hatoki uani. Akasema, "Uani nimeshakaa. Hakuja mtu." Alikuwa mwanamke wa kupeleka mikungu ya ndizi sokoni kwa kichwa, miguu anayo. Akamwendea mzee Saria getini, akamwambia ampeleke.

"Mama, kule juu hewa ni ndogo, baridi inaua."

"Imeshaua," akasema. "Nipeleke."

Saria alimpeleka polepole, akilala naye kila kambi, mpaka chini ya mteremko wa jivu. Asubuhi wapagazi wakamwonyesha. Juu kabisa, kwenye mdomo wa korongo, palikuwa na kitone cheusi. Kisha kitone kikatoa vumbi. Vumbi likarefuka, likaja, likaja, na wale watu wazima waliozoea mlima wakafumba macho. Mama hakufumba. Alikuwa amekaa chini kwenye kokoto, amejifunika shuka lake la matanga, miguu ameinyoosha, kwa sababu ilikuwa inamuuma.

Aminieli akatoka korongoni mzima. Akasimama ghafla kama kawaida yake, akatazama pale pa Ndekirwa. Leo palikuwa na mtu amekaa.

Wapagazi waliniambia alipiga yowe ambalo hawajalisikia tena. Akaanguka mbele ya yule mama.

"Shikamoo, Mama," akasema, uso uko chini.

"Marahaba. Umenikimbia sana, Aminieli."

"Nimekukimbia, Mama."

"Mimi sikuja kukufunga. Nimefuata neno langu. Nipe, nikanyolewe, nikapande maharage. Alisemaje mwanangu?"

Aminieli akachota kokoto, akaziachia. Kisha akasema haraka, "Alikuita. Alisema, Mama."

Yule mama akamtazama muda mrefu. Mnajua kule mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la babu mzaa mama. Ndekirwa lilikuwa jina la baba yake huyu mama. Kwa hiyo mama alimwita mwanawe "baba," na yeye kwa utani alimwita mama yake "binti yangu," akimtuma maji, akimgombeza kwamba chai haina sukari, mpaka wageni wakashangaa.

"Ndekirwa hajaniita Mama tangu alipojua kusema," akasema. "Wewe unajua. Ulikuwa unakula nyumbani kwangu ukicheka. Sasa usinipe neno la kuokota. Alisemaje?"

"Hakusema."

"Kabisa?"

"Kabisa, Mama. Alikuwa mbele, kwenye ukungu. Nilimsikia akicheka. Nilipomfikia alikuwa amekwisha. Nilimngoja. Nilimwambia, sema chochote, nitukane hata mimi, nitaulizwa nyumbani. Hakusema." Akapiga kokoto kwa viganja vyake vilivyochunika. "Ningeingiaje uani pako mikono mitupu? Ningekaa mbele yako niseme sina? Nilidhani nikishuka kwa kasi nitaupita huu msiba, nitauacha huko juu. Kila nikifika chini, naukuta umeshafika. Umekaa. Leo umekaa na macho."

Upepo ukapeperusha jivu, likamkaa mama kwenye nywele, hakulipangusa. Wapagazi walisimama mbali kidogo, hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Kwa hiyo hakuna neno," mama akasema mwishoni.

"Hakuna."

"Nimelala chini siku zote hizo nikilingoja. Usiku nilikuwa nalitunga mwenyewe. Labda alisema hivi, labda alisema vile. Yalikuwa mazuri." Akavuta shuka lake. "Ungekuja siku ile ile ukaniambia hakuna, ningelia mara moja. Sasa nalia mara mbili."

Aminieli akasema, "Nisamehe, Mama."

"Kusamehe nimekusamehe. Lakini sina cha kukupa, na wewe huna cha kunipa. Simama. Mvua ziko karibu."

Mama hakuweza kushuka kwa miguu yake, ilikuwa imevimba. Aminieli akambeba mgongoni kama anavyobeba mizigo ya wageni. Akashuka hatua kwa hatua, akijaribu kila jiwe kabla ya kulikanyaga. Aliumaliza msitu, akapita pale alipogeuka siku ile, akaingia uani, akamweka mama kwenye majani yake, akakaa mbele yake. Watu walipokusanyika akasema kwa sauti, "Ndekirwa hakusema neno."

Wakalia upya, kama maiti imeletwa saa ile. Wazee wakaulizana kama bila neno matanga yanaanuliwa. Yule mama akawakatiza. Akamwita shangazi, akainamisha kichwa. "Ninyoe," akasema. "Sijasema kilio kimekwisha. Nimesema mvua imefika."

Msidhani Aminieli alipona. Waliomjua wanasema aliendelea na kazi ya mlima mpaka uzee, na kila alipofika chini ya ule mteremko alikuwa anakaa kitambo, na machozi yake yalikuwa yale yale. Ila hakuteleza tena. Wengine walimpita wakirusha vumbi na kupiga vifijo, yeye anatembea na fimbo yake, mguu huu, kisha mguu huu. Siku za mwanzo vijana wageni wa kazi walimcheka: kaka, mbona unashuka kama unahesabu mawe? Mzee Saria ndiye aliyewajibu kwa niaba yake, na jibu lake likashuka mlima kwa midomo ya wapagazi, likafika sokoni, likafika mpaka hapa kwa muuza maziwa. Aliwaambia, mwacheni atembee na msiba wake, huyu alishaukimbia akaona. Mshuka mbio hutanguliwa na msiba.