Neno la Siri la Mama Kanga

Hiki ni kisa cha mwaka wa kiangazi, na Fisi yumo, kwa hiyo shikeni vyakula vyenu vizuri.

Mvua iligoma, mito ikabaki mchanga mtupu. Simba, ambaye hupenda kusifiwa hata wakati wa njaa, akafungua ghala lake la mtama kwa ajili ya wasiojiweza. Kila mmoja wao alipewa neno la siri. Aliyelitaja mbele ya Kobe, mtunza ghala, alipewa mgao, awe mwenyewe au aliyetumwa, maana wagonjwa walikuwa wengi.

Fisi hakuwa mgonjwa. Alikuwa mlafi tu. Akajifunga kilemba, akabisha hodi kwa Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga tele.

"Habari za hapa, mama? Natoka ghalani. Neno lako limechakaa, tunakuwekea jipya. Nitajie hilo la zamani."

"Ahsante baba kwa kutujali!" akasema Mama Kanga, akalitaja.

Mama Kanga alipokwenda ghalani, Kobe akamwambia mgao wake umeshachukuliwa. Akarudi mabawa matupu. Vifaranga walilia mpaka sauti zikawakauka, naye aibu ikamuuma kuliko njaa.

Jirani yake Sungura akasikia kilio, akaja, akasimuliwa yote.

"Dada, maneno yote anayo Kobe. Atume mtu kukuuliza analolijua, ili iweje?"

"Basi mimi ni mjinga."

"Mjinga wapi! Umeibiwa. Twende tukamtafutie huyo mwenye kilemba neno tamu."

Wakaenda kunong'ona na Kobe. Akampa Mama Kanga neno jipya la kwake, na jingine la kumpa mwizi.

Siku ya mgao ilipofika, kilemba kikarudi mlangoni. Mama Kanga akajifanya ana wasiwasi.

"Neno langu sasa ni 'nifungeni', baba."

"Nifungeni? Mbona la ajabu?"

"Si mambo ya kufungiwa mtama? Ukilisema kwa sauti kubwa, wanakufungia mwingi."

Aliposikia "mwingi", Fisi hakuuliza zaidi. Akatimua mbio, kilemba kikamdondoka njiani wala asigeuke. Ghalani akairuka foleni yote, akapaza sauti: "Nifungeni!"

"Umesemaje?" akauliza Kobe.

"Nifungeni! Tena nifungeni barabara, kwa kamba mbili!"

Nyati walinzi hawakutaka kuambiwa mara ya tatu. Wakamfunga kama alivyoomba, kamba mbili na fundo juu. Mtama wa Mama Kanga ukakutwa pangoni mwa Fisi, umepungua kidogo, na Kobe akaujazia, akamkabidhi mwenyewe alipofika.

Simba, aliyekuja kutazama mgao, akavimba kifua. "Mmeona? Ghala langu ni salama! Hebu mama, tuambie sote, neno lako jipya ni lipi?"

Mama Kanga akainama kwa heshima.

"Mkuu wangu, unisamehe. Hata wewe sikwambii."

Mama Kanga akajitwika mtama wake, akaenda kulisha wanawe.